Vumbi la Uvunguni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kimya alifagia chumba alicholala na mdogo wake wa miaka mitano. Mdogo huyo walimwita Kiroboto kwa kurukaruka kwake. Siku hizi, hata hivyo, alikohoa usiku kucha, na kifua kilimlia kama filimbi. Ukuta wa kitandani pake ulikuwa na unyevu na madoa meusi ya ukungu, ambayo mama aliyafunika kwa kanga.

Ufagio ulikuwa umefika uvunguni sauti iliposikika mlangoni: "Hodi!"

"Ficha huo ufagio!" mama alinong'ona.

Mtaalamu wa maabara, aliyekuja kupima ukungu wa chumba, aliingia na mashine ya kufyonza vumbi. "Mama Kiroboto, mmekaa wiki nzima bila kufagia, kama nilivyoomba, ili vumbi lijikusanye?"

"Hata ufagio wenyewe umeshatusahau, dada yangu!" Mama alicheka. "Huamini? Muulize binti."

Kimya alimtazama mama. "Ndiyo," akasema.

Baada ya siku tatu waliitwa maabara. Mtaalamu aliwaonyesha sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo.

"Ukungu nao una ukuta, na ukuta wake una sukari," alieleza. "Chini ya kila kishimo nimegandisha sukari hiyo. Kisha natia maji ya vumbi pamoja na kingamwili, yaani chembe zinazonasa sukari hiyo; zikinasa ya chini, rangi hutokea. Sukari ya chini na ya vumbi zinazigombea, kama watoto wanaogombea viti. Ukungu ukiwa mwingi, vumbi hushinda, na rangi hufifia. Ukiwa kidogo, rangi hukolea."

"Na chetu?" mama aliuliza.

"Kimekolea kama kiini cha yai. Chumba ni salama. Mtoto aendelee kulala humo."

Mama alitabasamu kama aliyefaulu mtihani. Kimya alijua kilichopimwa: ufagio, si chumba.

"Mama, turudi tumwambie," alisihi njiani.

"Funga kinywa! Unataka watu waseme tunalala jalalani?"

Wiki ya tatu Kiroboto alilazwa, akipumua kwa mashine. Mtaalamu alipokuja kumjulia hali, Kimya alisimama.

"Shangazi, nilifagia. Kila siku. Hata asubuhi ile uliyokuja."

Mama aliinamisha kichwa.

Chumba kiliachwa wiki nzima bila kuguswa, kisha kikapimwa upya. Safari hii kishimo chao kilikuwa cheupe kama maji. Bomba lililovuja ndani ya ukuta likazibwa, ukuta ukakwanguliwa, godoro likatupwa.

Kiroboto alirudi nyumbani, lakini kifua kilikuwa kimeshaumia. Ngazi mbili za mlangoni alizipanda kwa kupumzika katikati. Jina lilibaki, miruko ikaisha.

Asubuhi moja mama alimkuta Kimya ameshika ufagio, hafagii. Akaupokea taratibu.

"Mwanangu, sikuona aibu ya vumbi," alisema. "Niliogopa kuambiwa kwamba nyumba yangu ndiyo inayomuua mtoto wangu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nami nilificha ya mtoto asiyejua hata kuficha. Tena nikakufundisha wewe uongo, ili mimi nisiusikie ukweli. Siku nyingine nikikwambia ufunge kinywa mbele ya ukweli, usinitii."

Kisha akalitoa lile lililomkaa moyoni tangu hospitali.

"Nisamehe, mwanangu."