Kimya cha Subilaga

Huyu ni Subilaga. Ana miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka.

Nyumbani wanamwita Subi.

Subi alizaliwa kwenye milima ya Rungwe. Huko mvua hunyesha karibu kila siku. Migomba imesongamana, na udongo ni mweusi.

Sasa Subi anaishi kwingine. Hapa ni nchi ya Wagogo. Udongo ni mwekundu. Mvua imekwenda zake, na haijasema itarudi lini.

Baba yake ni mwinjilisti. Wazee wa kanisa walimwambia, "Mwinjilisti Gwakisa, nenda ukawahudumie watu wa kule."

Basi Baba akafunga mizigo. Akamshika Subi mkono. Wakapanda basi asubuhi, wakashuka jua likizama.

Mama hakuja. Mama alibaki milimani na Bibi. Bibi anaumwa miguu. Hawezi kuteka maji, wala kuinama kuwasha moto.

"Bibi akipata nafuu, nitakuja," Mama alisema. Akamfunga Subi vifungo vya sweta, kimoja kimoja, mpaka cha juu kabisa.

Hapa hakuna baridi. Sweta limewekwa sandukuni. Lakini kila asubuhi Subi hulitoa na kulinusa. Lina harufu ya moshi wa jikoni kwa Mama.

Nyumba yao iko pembeni mwa kanisa. Kanisa ni dogo. Lina madirisha manne na paa la bati.

Jua likichoma, bati hulia. Ta! Ta! Ta!

Kwenye uwanja wa kanisa watoto hucheza rede. Wawili hurusha mpira. Wa katikati hukwepa.

Pu! Mpira umeruka. Pu! Mtoto amekwepa.

Wanaitana kwa Kigogo. Wanacheka kwa Kigogo. Subi hajui Kigogo.

Jumatatu, Subi alisogea. Msichana mmoja mrefu akamwona.

"Mbukwa!" akasema yule msichana.

Hiyo ni salamu, Subi akafikiri. Sasa inajibiwaje?

"Shikamoo!" akajibu.

Watoto wakatazamana. Kisha wakacheka.

"Amemwamkia mtoto mwenzake!" mmoja akasema kwa Kiswahili.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema yule msichana mrefu, kwa sauti ya kizee. Wakacheka tena, wakashika matumbo.

Hakuna aliyempiga Subi. Hakuna aliyemfukuza. Lakini mashavu yake yaliwaka moto.

Akarudi nyuma hatua moja. Akarudi hatua ya pili. Kisha akakimbia.

Alikimbilia kanisani. Ndani hapakuwa na mtu. Yalikuwapo mabenchi tu, yamejipanga, yanatazama mbele.

Subi akakaa benchi la mwisho. Akafumba macho.

"Mungu," akasema, "naomba rafiki. Mmoja tu. Amina."

Akafumbua macho. Akatazama mlangoni. Hakuna mtu.

Nje njiwa akalia. Kuu-kuu. Bati likalia. Ta. Upepo ukapita. Vuuu.

Basi.

Jioni Baba alirudi na baiskeli yake. Alikuwa amekwenda kuwaombea wagonjwa. Akapika ugali. Ugali ukaungua chini.

"Baba, nimemwomba Mungu rafiki," Subi alisema. "Hajanijibu."

"Umesubiri?"

"Nimesubiri sana. Mpaka njiwa akaondoka."

Baba akatabasamu kidogo. Akamwambia,

"Tulia, Subi, tulia.
Mungu yupo, nawe upo."

"Halafu?" Subi akauliza.

"Halafu sijui," Baba akasema. "Mimi mwenyewe nasubiri."

Subi akamtazama. "Baba, wewe una rafiki hapa?"

Baba akakwangua sufuria. Kwa. Kwa. Kwa.

"Bado," akasema.

Jumanne watoto walicheza tena. Pu! Mpira ukaruka. Subi hakusogea. Alipita pembeni, akaingia kanisani.

"Mungu, ni mimi tena," akasema. "Subi. Yule wa jana."

Kuu-kuu, njiwa akalia. Ta, bati likalia. Vuuu, upepo ukapita.

Subi akajiambia mwenyewe, polepole,

"Tulia, Subi, tulia.
Mungu yupo, nawe upo."

Akatulia. Na alipotulia, akamkumbuka Mama. Machozi yakashuka, tone moja, kisha jingine.

Mungu alimwona. Lakini Subi alitaka na Mama amwone.

Jumatano Subi aliingia kanisani bila kuomba kitu. Alikuwa amechoka kuomba. Alikaa tu benchi la mwisho, miguu ikining'inia.

Njiwa hakulia. Bati halikulia. Upepo nao ulikuwa umelala.

Ndipo Subi akasikia.

Du.

Akainua kichwa.

Du. Du-du.

Sauti ilitoka mbele, pembeni mwa mimbari. Ni pale wanapoweka ngoma ya kwaya.

Subi akanyata. Benchi la tatu. Benchi la pili. Benchi la kwanza.

Nyuma ya ngoma alikaa msichana. Alilingana na Subi. Gauni lake la bluu lilikuwa limechanika begani.

Alikuwa ameikumbatia ngoma. Shavu lake lilikuwa juu ya ngozi ya ngoma, na macho ameyafumba. Aligonga kwa kidole kimoja. Du. Du-du.

Subi akajaribu salamu. Alikuwa ameirudia-rudia usiku, kitandani.

"Mbukwa!"

Msichana hakujibu.

"Mbukwa!" Subi akasema, kwa nguvu zaidi.

Kimya.

Subi akasogea hatua moja. Kivuli chake kikaangukia ngoma. Msichana akafumbua macho. Akashtuka! Akainuka, akakimbia nje. Pata-pata-pata.

Subi akabaki peke yake.

"Hata huyu hanitaki," akasema.

Akapiga teke benchi. Kidole cha mguu kikauma.

"Mungu, sikuombi tena!" akapaza sauti. Kisha akajifunika mdomo kwa mikono miwili.

Wakati wa kulala alimweleza Baba.

"Mungu amenikasirikia?" akauliza.

"Hapana," Baba akasema. "Mungu hamkasirikii mtoto anayelia." Akavuta blanketi mpaka mabegani mwa Subi.

"Tulia, Subi, tulia.
Mungu yupo, nawe upo."

Lakini Subi akageukia ukutani.

Alhamisi Subi hakwenda kanisani. Alikaa mlangoni kwao, kidevu juu ya magoti.

Uwanja ulikuwa mtupu. Watoto walikwenda kuteka maji.

Palikuwa na mtu mmoja tu. Ni yule msichana wa gauni la bluu. Alichuchumaa katikati ya njia. Alikuwa anachora kwenye vumbi kwa kijiti.

Hakumwona Subi. Subi hakumwita. Akamwangalia tu kwa mbali.

Mara, kolo-kolo! Kolo-kolo! Kengele za ng'ombe!

Vumbi likapanda kwenye kona ya njia. Ng'ombe walikuwa na kiu. Walisikia harufu ya maji ya lambo, wakaanza kukimbia. Mchunga ng'ombe alikuwa nyuma kabisa, anapiga mbinja.

"Wewe!" Subi akaita. "Toka njiani!"

Msichana alikuwa amewapa ng'ombe mgongo. Hakugeuka.

"Ng'ombe wanakuja! Toka!"

Msichana akaendelea kuchora.

Kolo-kolo! Kolo-kolo! Kengele zilikuwa karibu sasa. Mtu yeyote angezisikia.

Subi akasimama.

"Hasikii," akasema. "Hasikii kabisa!"

Akakimbia. Alikimbia kuliko siku zote. Akamshika msichana mkono, akamvuta. Wote wawili wakaanguka kando ya ukuta wa kanisa.

Gudu-gudu-gudu-gudu! Kwato zikapita. Pembe zikapita. Mikia ikapita.

Kisha vumbi likashuka, polepole.

Subi na msichana walishikana mikono, na hakuna aliyeachia.

Mwanamke mmoja akaja mbio. Ndoo yake aliiacha njiani, maji yote yamemwagika.

"Nyemo! Nyemo wangu!"

Akamkumbatia msichana. Akampapasa kichwa. Akampapasa mikono na miguu. Alikuwa mzima.

"Shikamoo," Subi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyemvuta?"

"Ndiyo, Mama. Kwanza nilimwita. Hakusikia."

Mama Nyemo akajifuta macho kwa upande wa khanga.

"Hasikii," akasema. "Aliugua homa kali akiwa mchanga. Watoto walikuwa wakimwita, hageuki. Wakachoka kumwita. Sasa hucheza peke yake."

Subi akamtazama Nyemo.

"Mimi pia hucheza peke yangu," akasema. "Sijui Kigogo."

Mama Nyemo akacheka, machozi bado yako mashavuni.

"Nyemo naye hajui Kigogo! Wala Kiswahili. Yeye huongea kwa mikono."

"Na jina lake lina maana gani?"

"Kwetu Nyemo ni furaha."

Nyemo aliangalia midomo yao. Kisha akamvuta Subi. Akamwingiza kanisani, mpaka kwenye ngoma.

Akaushika mkono wa Subi. Akauweka juu ya ngozi ya ngoma. Akagonga kwa kidole.

Du.

Subi akashtuka. Sauti ilipita kiganjani! Ikapanda mkononi. Ikaingia kifuani.

Du. Du-du.

"Ahaa," Subi akanong'ona. "Hivi ndivyo unavyosikia."

Wakalaza mashavu juu ya ngoma, mmoja huku, mwingine kule. Nyemo akagonga. Subi akagonga. Halafu wakaacha kugonga.

Wakakaa tu.

Kimya kilikuwa kilekile cha jana. Mabenchi yalikuwa yaleyale. Ila leo walikuwamo wawili.

Subi akafikiri kidogo.

"Watatu," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Ijumaa Nyemo alikuja asubuhi. Alisimama mlangoni kwa kina Subi, akapiga makofi.

Akamfundisha Subi kuongea kwa mikono. Vidole viwili kichwani, ng'ombe. Kiganja chini ya kidevu, kinapepea kama ndevu, mbuzi. Kidole gumba mdomoni, maji.

Kisha Nyemo akamwonyesha Subi kwa kidole. Akagusa meno yake mwenyewe ya mbele, mawili, halafu akafungua kiganja. Hayapo!

Subi akacheka mpaka akakaa chini. Hilo lilikuwa jina lake kwa mikono.

Yule msichana mrefu akapita na mpira wake. Akasimama. Akaangalia muda mrefu.

"Unamwambia nini?" akauliza kwa Kiswahili.

"Namwambia mbuzi," Subi akasema.

Msichana mrefu akachezea mpira mikononi. Alikuwa na aibu kidogo.

"Mbuzi anafanywaje?"

Subi akamtazama Nyemo. Nyemo akaweka kiganja chini ya kidevu, akakipepea. Msichana mrefu akajaribu. Akakosea. Nyemo akamrekebisha mkono.

"Mimi ni Mbeleje," yule msichana akasema. "Siku ile nilikucheka."

"Ndiyo," Subi akasema. "Ulinicheka."

"Sitakucheka tena."

Wakacheza rede. Nyemo ndiye aliyekaa katikati. Macho yake hayakuuacha mpira hata kidogo.

Pu! Akakwepa. Pu! Akakwepa tena. Hakuna aliyeweza kumpata.

Jioni Baba aliegesha baiskeli. Akasikia hadithi yote, kutoka kwato mpaka rede. Alimkumbatia Subi kifuani kwa muda mrefu.

Wakala. Safari hii ugali haukuungua. Baba alikuwa amekumbuka kupunguza moto.

"Mama atakuja kesho?" Subi akauliza.

"Siyo kesho," Baba akasema. "Bibi bado hajapata nafuu."

"Nimemkumbuka."

"Na mimi nimemkumbuka."

Subi akapanda kitandani. Akafumba macho ili asali. Baba akasimama kando, akisubiri amina.

Akasubiri. Akasubiri. Amina haikuja.

"Subi, umelala?"

"Hapana, Baba. Nasali."

"Umemwambia nini Mungu?"

"Sijamwambia kitu."

"Na yeye amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu," Subi akasema, na macho bado ameyafumba. "Tumekaa tu."

Baba akapunguza mwanga wa taa. Akaketi kwenye ukingo wa kitanda, polepole, asiwasumbue.

Akakaa nao.