Wanu na Watawa wa Bububu

Mahfoudh alimwangukia Wanu mgongoni katikati ya soko la Darajani, asubuhi ya Jumamosi, na mfuko wa ndimu mkononi. Ndimu zikasambaa mpaka chini ya meza za pweza.

"We dada, watu wanapita, wewe umepiga magoti!"

"Na wewe kaka, macho umeyaacha nyumbani?" Wanu hakuinuka. Kamera yake bado ilielekea mikono ya muuza pweza. "Ngoja nimalize, nikuokotee ndimu zako."

Alimaliza, akaziokota. Baibui lake lilikuwa limechakaa magotini, ushungi wake wa zambarau umekwenda upande. Mahfoudh, fundi wa viyoyozi, alicheka mpaka akasahau kuwa mama yake anazisubiri ndimu. Mapenzi yao yalianza hivyo, bila ya mwezi wala mashairi.

Posa ilipelekwa, ikakubaliwa. Simu zikawa hazikatiki.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Kwa watawa, Bububu."

"Tena? Hao Mabudha watakuoa kabla yangu."

"Hawaoi hao. Hata kijiko hawapokei mkononi mwa mwanamke. Unakiweka juu ya kitambaa, ndiyo wanakichukua. Kwa hiyo tulia."

Wanu alikuwa akitayarisha maonyesho ya picha za watu wa Unguja ambao watu wa Unguja hawawatazami. Hekalu la hao watawa lilikuwa nyumba ya bati nyuma ya barabara, na watawa watatu kutoka Sri Lanka. Alitaka maisha yao ya kila siku: mkubwa wao akifagia majani ya mfenesi, nguo zao za manjano zikikauka kambani, wali ukiliwa mapema kwa sababu adhuhuri ikishapita hawali tena mpaka kesho.

Siku moja mtawa kijana alikuwa akipangusa vumbi kwenye sanamu ya Budha. Wanu akapiga magoti, akainama mpaka viwiko vikagusa sakafu, ili aipate ile mikono na kile kitambaa. Jirani aliyepita mlangoni akampiga picha kwa nyuma. Kamera haikuonekana. Kilichoonekana ni mwanamke wa baibui kasujudu mbele ya sanamu.

Magharibi haijaadhiniwa, picha ilishafika kwenye simu ya Bi Ummkulthum, mama yake Mahfoudh. Alilia kama aliyefiwa.

"Wanu, hii nini?" Mahfoudh alipiga simu.

"Nilikuwa kazini. Si unajua napigaje picha? Ulinivunja mgongo Darajani!"

"Mimi nnajua."

"Basi mwambie mama."

"Nshamwambia. Hataki kusikia."

Ijumaa, baada ya sala, Mahfoudh alikuja nyumbani kwao Wanu, Malindi. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, ananukia udi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama kaona njia. Uje Jumapili, mbele yake na mbele ya ami zangu, utoe shahada. Basi. Harusi iendelee."

"Nitoe shahada?"

"Maneno unayoyasema kila siku, laazizi."

"Nnamwambia Mola wangu. Anayeitwa akatoe shahada mbele ya wazee ni yule anayeingia. Nikiitoa hivyo, nshakubali kuwa nilitoka."

"Hakuna atakayefikiri hivyo."

"Mama yako atafikiri. Na watoto wetu wataambiwa mama yenu alirudishwa."

"Fanya kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako ningehamia Fumba, kusiko na ndugu hata mmoja. Hili siliwezi." Akamkazia macho. "Wewe mwenyewe unaamini nini?"

"Nnakuamini wewe."

"Umeyasema hayo mbele ya ami zako?"

Mahfoudh akatazama zulia. Simu yake ikalia.

"Naam, mama."

Wanu alimtazama mdomo. Alikuwa hasubiri mengi. Aseme tu, mama, huyu hakukosa. Angelisema hilo, mengine yote wangeyabeba pamoja.

"Nipo kwake. La, hajakubali." Akainuka. "Ndiyo, mama. Nnakuja."

Alivaa makubazi mlangoni, mkono umeshika ukuta kama mgonjwa.

"Wanu, wao ni wazee wangu. Nifanyeje?"

"Nenda, Mahfoudh. Wanakungoja."

Alikwenda. Wanu alisikiliza nyayo zake uchochoroni mpaka zikachanganyika na za watu wengine, asiweze tena kuzijua zipi ni zake.

Mama yake akatoka jikoni na sinia.

"Keshaondoka? Na chai nshaimimina!"

"Niachie mimi, mama."

Alikaa kwenye kile kiti, akakichukua kikombe kilichokuwa cha Mahfoudh, akanywa. Chai ilikuwa tamu mno. Mama alikuwa kaitia sukari kama anavyopenda mkwewe.