Harufu ya Utosi wa Mtoto

Kila asubuhi, pamba ilipochambuliwa, karakana ya magodoro iligeuka mbingu. Nyuzi nyeupe zilielea kwenye mwanga wa dirisha, zikazunguka polepole, zikatua kwenye nyusi za fundi. Yeye alishona kingo za godoro, lakini mawazo yalikuwa nyumbani, kwa mtoto wake wa miezi minne.

Watu wote walimnusa yule mtoto. Bibi yake alimnusa utosini, akafumba macho kama anayeota. Baba yake alimnusa akasema, "Huyu ni mkate umetoka tanurini sasa hivi."

Fundi peke yake hakujua. Pua yake iliziba mimba ikiwa kubwa, na hadi leo haijafunguka. Aliinamia ule utosi laini, akavuta pumzi, asipate kitu. Ilikuwa kama kumbusu mwanawe kupitia kioo.

Pale karakanani mafundi walikuwa na mtindo wao wa kuzuia vumbi: kibonge cha pamba katika kila tundu la pua. Fundi alizidisha. Kila kibonge alikidondoshea kwanza matone ya kuzibua pua. Chupa ilikaa mfukoni mwa aproni, jirani na sindano. Mwanzoni matone yalimpa nafuu kidogo ya kupumua, si ya kunusa. Sasa, wiki ya saba, pua ilizidi kuziba, na mashavu yaliuma kila alipoinama.

"Mama mtoto, leo nakuchemshia sufuria," mumewe alisema jioni nyumbani. "Unajifunika blanketi, unavuta mvuke."

"Na mtoto?"

"Nitamshika mimi."

"Wewe? Unayesinzia ukipiga mswaki?"

Kesho yake walimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Muuguzi aliisikia sauti ya fundi, akainua macho.

"Dada, mbona unaongea kama uko ndani ya mtungi? Hebu nione." Akachungulia. "Hii nyeupe ni nini?"

"Pamba. Ya kuzuia vumbi. Naidondoshea na matone ya kuzibua pua, wiki ya saba sasa."

"Jamani! Unajaza magodoro au unajijaza mwenyewe?"

Mume alicheka, fundi akamshtaki kwa muuguzi kuhusu ile sufuria ya mvuke. Muuguzi akamgeukia. "Na wewe baba, usicheke. Nimeambiwa habari za sufuria. Maji ya moto chini ya blanketi yanaunguza watu, na nyumbani kuna mtoto. Acha kabisa."

Kisha alisema kwa upole, "Dada, matone hayo si ya zaidi ya siku tatu. Ukizidisha, yenyewe ndiyo yanayoziba pua. Na unanyonyesha, usitumie dawa bila kuuliza. Acha matone. Siku za kwanza utabanwa zaidi, vumilia. Kazini vaa barakoa, usitie tena pamba puani."

"Na haya maumivu?"

"Osha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji yatokote vizuri, yafunike, yapoe hadi vuguvugu. Yasiyochemshwa usitie puani kamwe. Kikombe kimoja, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nawa mikono, tumia chombo safi. Inama juu ya beseni, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo. Mimina taratibu tundu la juu, yatatokea la chini. Lakini ukipata homa, jicho likivimba, ukaona vibaya au kichwa kikauma kupita kiasi, usingoje kesho. Njoo."

Siku ya pili bila matone, pua ilibana kama mlango uliovimba kwa mvua. Mkono ulitafuta chupa mfukoni wenyewe. Haikuwepo, mumewe alishaitupa. Fundi alichemsha maji, akangoja yapoe, akainama juu ya beseni.

Karakanani walifungua madirisha, wakapiga sakafu deki kwa maji. Pamba bado ilielea, lakini sasa fundi aliitazama kutoka nyuma ya barakoa.

Mwisho wa wiki ya pili, jioni, alikuwa amempakata mtoto. Ghafla harufu ikampiga puani, akakunja uso.

"Baba mtoto! Huyu amejisaidia!"

"Ah... muda mrefu sasa," mume alisema, akiangalia ukuta. "Nilikuwa nangoja ugundue mwenyewe."

"Kumbe miezi yote hii ulikuwa unasikia harufu, unangoja nigundue mimi!"

Alicheka hadi machozi yakamtoka. Akamsafisha mtoto, akamfunga nepi safi. Kisha akainama taratibu. Mashavu hayakuuma. Akavuta pumzi utosini, ndefu, macho ameyafumba.

"Eeh?" mume aliuliza. "Si mkate?"

Fundi hakuinua kichwa.

"Mkate wapi," alinong'ona, "na huyu wapi."