Sahani ya Kujaribia Sindano

Nusu saa. Hiyo ndiyo ruhusa aliyokuwa nayo binti kila Jumamosi, kwenda jengo la vifaa vya umeme na kurudi dukani kwa baba yake, na siku hiyo dakika kumi na moja zilikuwa zimeshaliwa na msongamano wa ngazini. Watu walisukumana na feni, pasi na mabunda ya nyaya, huku spika kumi zikibishana kwa pamoja. Alivaa gauni la rangi ya haradali lililonyooka kama la harusini. Mfungwa akitolewa nje nusu saa, hujipambia jua.

Chini ya ngazi, nyuma ya meza iliyojaa bisibisi na matumbo ya redio, alikaa kijana mrefu mwenye shati la mistari na penseli sikioni. Hakuinua kichwa.

"Fundi, una sindano ya gramafoni?"

"Kumbe si ya kushonea?"

"Ya kushonea ningefuata nini kwako? Haraka basi, nimebakiwa na dakika saba kabla ya kurudi."

Hapo akainua kichwa. Akaliangalia gauni, kisha mwenye gauni. "Dada, mtu aliyependeza hivyo hana dakika saba. Ana siku nzima."

"Angekuwa nayo asingependeza. Angelala."

Fundi alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Alipomkabidhi sindano alimpa na namba ya simu, na kuanzia siku hiyo binti akawa na jina jipya: Dakika Saba.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, santuri elfu kumi na moja kutoka sakafuni hadi darini, na harufu ya karatasi iliyochoka. Baba yake alikuwa na desturi moja. Santuri za thamani hakuziacha katika majalada yake, kwani alisema mwizi na mkusanyaji ni ndugu, wote husoma majalada. Alizificha ndani ya majalada ya vitu visivyotamaniwa na mtu, kama hotuba za kufungua mabwawa na mafunzo ya mazoezi ya viungo, na juu ya lebo akabandika karatasi nyeupe. Ramani ya maficho hayo aliiweka kichwani. Kisha kiharusi kikapita, kikaondoka na mkono wa kulia, nusu ya maneno na ramani yote.

Moja kati ya zilizofichwa ilikuwa ya mama. Marehemu alirekodi wimbo mmoja tu maishani mwake. Zilitolewa sahani mia tatu za santuri hiyo, na sasa wakusanyaji wangekanyagana kwa ajili ya moja. Baba hakutaka kuiuza, alitaka kuisikia. "Usifunge duka," alimwapisha bintiye kwa ulimi mzito, "mpaka nimsikie mama yako."

Binti aliapa akidhani ni kazi ya wiki mbili. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Kila siku, kati ya mteja na mteja, alitoa sahani kumi, akaonja mwanzo wa kila moja, akazirudisha. Jioni sauti ya baba ilitoka kitandani, nyuma ya pazia.

"Imo?"

"Haimo, baba."

Ndiyo maana simu ya fundi ikawa dirisha lake.

"Dakika Saba wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi."

"La leo lina ladha gani?"

"La hotuba. Nimesikiliza mawaziri wanne tangu asubuhi, na wote wanaahidi maji."

"Pole, kipenzi. Lini utanipa siku moja nzima?"

"Nikiipata sahani."

"Na usipoipata? Nikuoe humo humo ndani, tuzae watoto, tuwapange rafuni kwa alfabeti?"

Alicheka, kisha akageuka ukutani ili baba asisikie kwamba kicheko kimeharibika njiani.

Alhamisi moja fundi alikuja dukani kuomba sahani mbovu. Alihitaji ya kujaribia sindano: unaizungusha kwa sindano kuukuu na uzito juu yake, sauti umeizima, unatazama tu mkono wa mashine unavyokwenda. Sahani ya namna hiyo huliwa mpaka ife. Dakika Saba akainama kwenye rundo la mwisho karibu na mlango, rundo ambalo zamu yake ilikuwa haijafika, akachomoa *Masomo ya Kupiga Taipu*.

"Zawadi," alisema. "Usiseme sijawahi kukupa kitu."

"Nitajifunza, nikuandikie barua."

Hakuandika barua, wala hakupiga simu. Siku ya pili alisema moyoni, kazi zimemzidi. Siku ya tano simu iliita mpaka ikachoka. Siku ya kumi alilivaa gauni la haradali, akalivua.

Siku ya kumi na tatu akaingia Mzee Glavu, mkusanyaji aliyeshika kila kitu kwa glavu nyeupe za pamba, hata chenji.

"Hongera, binti. Kumbe ilipatikana."

"Nini?"

"Ya mama yako. Nimeisikia kwa fundi wako chini ya ngazi. Nilimtajia bei ya kiwanja, akakataa. Mjanja yule, anangoja dau lipande."

Dakika Saba alimwita shangazi yake ghorofani aje akae na baba, akatoka na kandambili za dukani.

Fundi alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Iko wapi?"

"Dakika Saba..."

"Usiniite hivyo. Miaka minne nimefungwa na ile sahani. Wewe umekaa na ufunguo wangu siku kumi na tatu, unauchezea."

"Sikuuchezea. Nimeuvunja."

Akaitoa chini ya meza, imefungwa kwa shati lake la mistari. Mkwaruzo ulizunguka kuanzia ukingoni hadi karibu na katikati, mweupe kama kovu.

"Niliweka sindano mbovu kuliko zote," alisema. "Sauti nimeizima, nimeweka na sarafu mbili juu ya kichwa chake. Ilipofika mwisho nikajisemea, hebu nisikie hayo masomo ya taipu. Nikakusikia wewe. Sauti ni yako kabisa. Nikajua ni mama yako."

"Ungenipigia simu."

"Nikuambie nini? Hujambo laazizi, nimemkwaruza mama mkwe?"

Alitaka kumpiga. Alitaka pia kucheka, na hilo ndilo lililomtoa machozi.

"Si wewe," alisema mwishowe. "Ni mimi niliyeitoa bila kuionja. Elfu kumi nimeonja, hiyo moja nikaigawa kwa mahaba."

Fundi alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. Kisha akavuta kutoka pembeni kisanduku cha mbao chenye gramafoni ndani na mpini mnene ubavuni. "Mkwaruzo hautibiki, nimejaribu kila kitu. Nikatengeneza hii. Baba yako anavuta kwa mkono wa kushoto, sindano inashuka yenyewe, wimbo ukiisha inarudi. Hahitaji mtu. Nilitaka nije kuposa, sasa naja na kosa mkononi."

"Beba," alisema Dakika Saba. "Utamwambia mwenyewe."

Dukani, nyuma ya pazia, baba alisikiliza maelezo yote akimtazama fundi bila kupepesa. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akavuta mpini.

Tiki. Tiki. Tiki. Katikati ya mikwaruzo ile akaja mwanamke, kijana, asiye na haraka. Shangazi akakaa kitandani. Baba alifumba macho. Katika ubeti wa pili sindano ikakwama: *ngoja nije, ngoja nije, ngoja nije*. Fundi akasogea, mzee akamzuia kwa kidole. Waliisikiliza ikizunguka pale pale mpaka chumba kikaonekana kidogo zaidi.

"Imekwama," alisema baba. Akamgeukia bintiye. "Na wewe."

Akagonga kisanduku kwa kifundo cha kidole, mara moja. Wimbo ukaruka, ukaendelea.

"Funga duka."

"Baba, saa nane mchana hii."

"Funga. Shangazi yupo."

Mlangoni alikigeuza kibao. Upande wa KARIBU jua lilikuwa limeula. Upande wa TUMEFUNGA herufi zilikuwa nyekundu mbichi, kama zimeandikwa asubuhi ile. Fundi alimngoja barabarani, shati lake lililokunjamana likiwa begani.

"Tuna dakika ngapi?"

"Sijui. Saa nimeiacha ndani."

Binti hakusogea hata hivyo. Wimbo ndani uliisha, na miguu yake, iliyofundwa miaka minne, ikageuka yenyewe kurudi kuinua sindano. Mkono ulikuwa umeshashika kitasa aliposikia mpini ukivutwa.

Tiki. Tiki. Mama akaanza upya, bila yeye.

Akakiachia kitasa.