Shamba la Wote, Saini ya Mmoja

Wenzangu wa Kisiwa cha Harrow, na ninyi wa mbali mnaotusikia, leo nawahadithia habari za Prince Bligen. Wengi wetu tuna Prince nyumbani, na wengine ni Prince wenyewe bila kujijua.

Jumamosi moja ya Novemba, shamba la akina Bligen lilikuwa limefurika watu. Jamaa walikuwa wamerudi South Carolina kutoka Atlanta na New York kuonana. Chaza walikuwa wakichomwa juu ya bati, wamefunikwa gunia lililoloweshwa maji, na watoto walikuwa wakikimbizana mpaka ukingoni mwa maji. Lavinia, binti wa marehemu dada yake Prince, alikuwa akipakua wali mwekundu. Prince mwenyewe, mvuvi wa chaza aliyepita miaka sabini, alikaa kwenye kiti chake akiwatazama wote, roho yake imetulia kabisa. Shamba lile babu yake alilinunua baada ya utumwa kwisha. Likashuka kwa watoto, likashuka kwa wajukuu, bila wosia na bila kugawanywa. Kila Bligen alikuwa na fungu lake humo, na hakuna aliyejua fungu lake linaanzia wapi. Walijivunia hilo.

Basi likaingia gari la polisi wa sherifu. Akashuka Renata Capers, askari mweusi aliyekulia nyumba ya pili tu kutoka hapo.

"Mjomba Prince, nimeleta samansi. Nisamehe, ndiyo kazi yangu."

"We mtoto wa Capers! Tumekulisha hapa tangu huna meno, leo unatuletea mahakama kwenye chakula?"

"Mjomba, leo si siku ya utani. Binamu yenu Lorenzo wa Philadelphia ameuza fungu lake kwa kampuni ya hoteli. Sasa kampuni inataka jaji aamuru shamba zima liuzwe. Sheria ya siku hizi inawapa ninyi nafasi ya kwanza ya kulinunua lile fungu, lakini lazima mjibu. Mkikaa kimya, limekwenda."

Prince alicheka hadi akakohoa. "Lorenzo? Yule hajui hata choo kiko upande gani hapa! Atauzaje? Ardhi ya wote haiuziki mpaka wote tukubali."

Jamani, kosa letu ndilo hilo. Tumelala na imani hiyo vizazi na vizazi, na si kweli. Mmoja akiuza fungu lake, aliyenunua anakuwa mwenzenu shambani, na mwenzenu ana haki ya kwenda kwa jaji kama ninyi mlivyo nayo.

Renata alipoondoka, Lavinia aliweka mwiko chini. "Mjomba, tuchange. Wa Atlanta wako tayari, wa New York pia. Jumatatu twende kwa wakili."

"Baba yangu alikwenda mahakama ile kuonyeshwa mpaka," alisema Prince. "Aliondoka na shamba zima, akarudi na shamba lililomegwa. Hakuna Bligen atakayetia mguu kule, na asijibu mtu. Tusipojibu watamshtaki nani? Upepo?"

Watu wakacheka.

"Lakini ile ilikuwa zamani, Mjomba. Bibi hakuruhusiwa hata kupiga kura. Leo sherifu tumemchagua sisi. Karani ni mtu wetu, jaji ni mtu wetu."

"Jengo ni lile lile."

"Jengo, ndiyo. Waliomo sio."

"Mkubwa hapa ni nani, mimi au wewe?"

Kwa akina Bligen, mkubwa akiuliza hivyo, mjadala umekwisha. Lavinia alikuwa na fungu la mama yake na angeweza kujibu peke yake. Aliogopa kuitwa msaliti wa ukoo, akanyamaza. Nalo hilo msilisahau.

Miezi ya baridi ikapita. Jumapili moja baada ya ibada Renata alikuja bila sare, akamsihi: "Mjomba, muda unayoyoma." Prince alimpa supu ya bamia, akamuuliza ataolewa lini. Moyoni alijisifu kwamba anaishinda kampuni kwa kukaa kimya. Majira ya machipuko yalipofika, alitoka asubuhi akakuta wanaume wawili wanapigilia vijiti vyekundu vya kupimia ardhi katikati ya bustani yake ya nyanya.

"Shamba limeshauzwa, mzee," mmoja alimwambia kwa upole. "Hukuambiwa?"

Ndipo Prince alipovaa suti yake ya kanisani, na Lavinia akampeleka mahakamani. Walipofika, miguu ya mzee ilimpeleka nyuma ya jengo, akawa anatafuta mlango ambao watu weusi walilazimishwa kuutumia enzi za ubaguzi.

"Mjomba," Lavinia alimwita, "tunaingilia mbele."

Ndani alipewa kiti. Jaji, mama mweusi mwenye miwani, alimsikiliza bila kumkatiza. Prince alikuwa amekuja na maneno makali ya kumrushia mzungu fulani, akakosa pa kuyatupa.

"Bwana Bligen," jaji alisema. Baba yake Prince, na mvi zake zote, aliitwa "we mtoto" ndani ya jengo lile. "Bwana Bligen, niliwasubiri. Kila shauri lilipotajwa niliyasoma majina yenu hapa, na hakuna aliyeitika. Angeitika hata mmoja, mngepata nafasi ya kulinunua lile fungu. Sasa sina la kufanya. Nasikitika sana."

"Mama," alisema Prince, "mimi nilidhani..." Hakumaliza. Aliinamia kofia yake akalia mbele ya watu, na Lavinia akalia naye, kwa kuwa alijua kwamba yule mmoja angeweza kuwa yeye.

Leo Prince anaishi kwa Lavinia, ng'ambo ya daraja. Akitaka kuzuru kaburi la mama yake, lililobaki ndani ya shamba lile, hujitambulisha kwanza kwa mlinzi wa hoteli getini.

FUNZO

Baba yake Prince hakukosea kuiogopa mahakama ile, maana ilimdhulumu. Prince alikosea alipodhani kwamba hofu ya baba ni lazima irithiwe pamoja na shamba. Watu walipigwa na kufungwa ili sisi tuingilie mlango wa mbele, na mwenye kuukwepa mlango huo anawasaidia wale wale waliotufungia. Andikeni wosia mkiwa hai. Gawaneni mkiwa mnapendana. Nanyi vijana, mkubwa mheshimuni, lakini akipotoka msinyamaze naye.

Renata bado yuko kazini. Akibisha hodi kwako, mpe kiti, pokea samansi, kisha vaa viatu uende.