Marashi Yaliyochacha

Leonida alikuwa ameshamzaba kuli mmoja kofi na anamtafuta wa pili kwa mwavuli, ndipo Masese alipojiingiza katikati na pigo likamkuta yeye. Ncha ya mwavuli ilimpasua juu ya nyusi. Damu ikamtiririka hadi kwenye kola ya shati la kaki, na gati zima la Homa Bay, wachuuzi wa samaki, makarani na abiria walioshuka kwenye meli ya Kisumu, likaangua kicheko.

"Mama, mimi si kuli," alisema akishika paji la uso. "Mimi ni dereva."

"Mama ni nani? Mimi nimekuzaa?"

"Pole, dada. Weka silaha chini basi."

"Wameangusha sanduku langu! Humo ndani kuna marashi, si samaki!"

"Nimesikia harufu yake. Nikipigwa na mwanamke anayenukia hivi, nitamlalamikia nani?"

Leonida akamtazama vizuri. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na ndewe za masikio yake zilikuwa zimetogwa kwa mila ya Wakuria. Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa amependeza: gauni la rangi ya limau lililobana kiuno, viatu vyeupe vya visigino, na kitambaa cha hariri shingoni. Kuomba radhi hakukuwa tabia yake. Alikifungua kile kitambaa, akamfunga jeraha kwa nguvu hata akaguna.

"Mzigo unaenda wapi?"

"Migori. Nina duka pale sokoni."

"Lori langu linaenda Migori."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nimejibu tu."

Hapo ndipo yalipoanzia, mwaka wa 1965. Kutoka siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyebeba marashi ya Leonida. Meli ikitia nanga Homa Bay, Masese alipiga simu kutoka posta hadi duka la vitambaa la Abdullah, lililotazamana na la Leonida, na Abdullah alitoka barazani na kanzu yake akapaza sauti kwa utani, soko zima lisikie.

"Leonida! Mkwe wangu yuko kwenye simu!"

Leonida alivuka barabara mbio, akijifanya hana haraka.

"Haloo? Hujambo, jaherana?" Masese aliuliza.

Jaherana, mpenzi wangu. Hilo ndilo neno pekee la Kijaluo Masese alilojua, na alilitumia mpaka likachakaa. Leonida naye Kikuria hakukijua hata cha salamu. Mapenzi yao yaliendeshwa kwa Kiswahili.

"Usiniite hivyo kwa simu ya watu."

"Abdullah ameshazoea. Umevaa nini leo?"

"Nimevaa hasira. Mbona umechelewa?"

"Basi usiivue. Nakuja kuiona."

Jua la Februari mwaka uliofuata lilikuwa la kuua. Ndipo marashi yalipoanza kuharibika. Chupa za waridi zilizokuwa angavu kama maji ya mvua ziligeuka rangi ya chai ya rangi, na ukizifungua zilitoa harufu ya siki. Wateja walirudisha, wakanuna, wakahama. Kisha Priscah, mke wa Paul mwenye bucha, akajipaka ya kwendea kanisani. Kabla ibada haijaisha shingo yake ilikuwa imevimba na kutoka malengelenge.

Paul alifika dukani na panga la kukatia nyama. Alivunja kabati la kioo kwa pigo moja, akazivuruga rafu, akamzaba Leonida kofi lililomlaza juu ya vigae vya chupa. Kiganja cha kulia cha Leonida kilichanika.

"Umemchoma mke wangu shingo!" alinguruma. "Unatuuzia maji machafu?"

Watu walijaa mlangoni. Hakuna aliyeingia.

Kaka yake Leonida, Jared, alimfunga mkono jioni ile. "Nani anakubebea mzigo?" aliuliza.

"Unajua ni nani."

"Basi nisikilize. Nimemwona kwa macho yangu pale Rongo. Lori kando ya mto, turubai limefunuliwa, ana debe la maji mkononi. Anauza nusu njiani, nusu anaongeza maji. Unachekwa, dada yangu."

Moyo wa Leonida ulikataa. Lakini mkono ulikuwa ukipwita, na shavu bado lilikuwa na joto la vidole vya Paul.

Masese alifika kesho yake, soko limefurika. Alipoona vioo aliruka chini kabla lori halijasimama sawasawa.

"Nani amekugusa? Nionyeshe!"

"Pale Rongo ulikuwa unafanya nini na maji?"

Masese akatabasamu, kama mtu ambaye wema wake wa siri umefichuliwa. "Aa, wamekuambia? Nilikuwa nayapoza."

"Unapoza nini?"

"Marashi. Masanduku yanatokota chini ya lile turubai. Kwa hivyo nalowesha magunia, nayafunika."

Jared alipasuka kucheka. "Kwani marashi ni uji?"

Soko likacheka naye. Kicheko kile ndicho kilichommaliza Leonida. Alimwona Paul akicheka, aliwaona wanawake waliomrudishia chupa wakishikana mabega.

"Mwizi!" akasema.

Alilisema mara moja tu. Sokoni neno hilo halihitaji kurudiwa. Mtu wa kwanza alirusha jiwe, wa pili alikuja na kipande cha ubao, kisha Leonida hakuweza kuwahesabu tena. Alimwona Masese akiinua mikono, akasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu, akamwona akipiga magoti na kutoweka chini ya migongo ya watu.

"Nimekosea! Mwacheni! Mwacheni jamani!"

Alijitupa kati yao, akasukumwa, akaanguka, akainuka, akamng'ata mtu mkono. Hakuna aliyemsikia. Ni Abdullah aliyewatawanya, akipunga nondo huku na huku, kanzu yake imelowa damu isiyo yake. Walimlaza Masese ndani ya lori lake mwenyewe, mkono wa kushoto umepinda, jicho moja halionekani, wakampeleka hospitali Homa Bay.

Leonida alijifungia stoo akalia. Alikuwa na desturi ya kuingia humo alfajiri tu, kuchukua chupa za siku. Safari hii adhuhuri ilimkuta ndani. Alipoegemea ukuta wa nyuma aliruka kama aliyepigwa fimbo: ukuta ulikuwa unaunguza. Upande wa pili jirani yake, Onyango, alikuwa amejenga tanuri la mikate baada ya Krismasi, na sasa lilikuwa likiwaka. Juu, mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Kizibo kimoja kiliruka, pah, kikagonga paa, na harufu ya siki ikajaa. Usiku chumba kilipoa mpaka baridi, mchana kikawa chungu jikoni, na hivyo kila siku.

Akazishusha chupa za rafuni. Zote, rangi ya chai. Kisha akalifungua sanduku lililokuwa sakafuni, pembe ya mbali, nyuma ya pipa la maji. Yalikuwa angavu. Alipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono, na waridi likanukia kama siku lilipotoka kiwandani. Safari moja, lori moja, magunia mabichi yale yale.

"Nyamaza na hilo," Jared alimwambia. "Ukilisema, waliompiga watakugeukia wewe. Hata mimi nilirusha."

Leonida alimpiga kofi kwa kile kiganja chenye jeraha. Damu ikabaki shavuni mwa kaka yake.

Hospitali, Masese alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ametazama dari.

"Kwa hivyo sikuiba," akasema. "Hilo nilikuwa najua."

"Nisamehe."

"Uliniita mwizi mbele ya nani?"

"Mbele ya soko."

"Na hapa tuko wangapi?"

Leonida aliondoka bila kuaga. Siku ya soko alipanda juu ya pipa mbele ya duka lake. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kijaluo: marashi aliyapika mwenyewe ndani ya stoo yake, na mtu waliyemvunja hakuwa ameiba hata tone. Minong'ono ikawa kelele. Ganda la muwa likampiga kifuani. Kisha jiwe likampata mdomoni, likang'oa jino. Alitema damu akaendelea.

"Alikuwa anayapoza kwa ajili yangu! Mimi ndiye niliyedanganya, nanyi mmeua bure mkono wa mtu!"

Paul aliokota jiwe lingine. Mkewe Priscah, shingo ingali na makovu, akapenya akasimama mbele ya lile pipa.

"Mimi ndiye niliyeungua," alisema. "Rusha sasa."

Paul aliliangusha.

Abdullah naye alikuwa dirishani muda huo wote, amenyoosha mkono wa simu nje hadi waya ulipokoma. "Leonida! Njoo, Masese yuko kwenye laini kutoka hospitali. Amesikia."

Alishika simu kwa mikono yote miwili.

"Wamekupiga?" Masese aliuliza.

"Kidogo."

"Usidanganye. Maneno yako yanapuliza upepo wa pengo."

Leonida alitaka kucheka, akalia. "Utarudi?"

"Jicho la kushoto halitaona tena. Na nikisikia sauti yako ikipanda, hata sasa hivi, mwili wangu unataka kukimbia. Sijui kama hiyo itapona."

"Sitaipandisha tena."

"Wewe?"

"Nitajifunza."

"Migori sirudi kukaa. Kuna nyumba hapa Homa Bay, kuta nene za udongo, ndani baridi kama kisima. Marashi yatakaa vizuri. Na mke pia atakaa vizuri, akitaka."

Walifunga ndoa mvua za masika zilipokwisha. Jared hakualikwa. Duka lao lilijulikana hadi Mbita, na Masese aliendelea kubeba mizigo, mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Wateja wapya walishangaa jambo moja. Meli ikiwa imetia nanga, gati limejaa, na Leonida anamhitaji mumewe aliye upande wa pili wa umati, hakumwita kamwe. Alikunja sketi yake, akapenya kati ya makuli na vikapu vya samaki, mwendo wote ule, akamzunguka hadi upande wa jicho linaloona, ndipo akamgusa mkono.