Magurudumu Yanayovuta

Kila asubuhi Luhaga, mkulima wa pamba wa kijiji cha Sola, Usukumani, alianza na pikapu yake. Aliipangusa vumbi, akaigonga bodi kwa upole, akachungulia chini kuona kama imelala salama. Mke wake, Mektilda, alisalimiwa baadaye.

"Mwangaluka, Baba Precious," Mektilda alisema. "Naona mke mkubwa ameshaoga."

"Mwangaluka. Usimwonee wivu. Yeye haombi kitenge."

Ulikuwa wakati ule ambao kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua pamba, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kuonekana hadi vijijini. Luhaga aliuza ng'ombe, akarudi na pikapu. Wazee waliizunguka na kuikagua kama wanavyokagua maksai mnadani. Hawakuona kasoro, ila walisikitika kwamba haina samadi.

Nyuma ya kiti palikuwa na mfuko mzito. Ndani yake mlikuwa na minyororo miwili iliyosukwa kama ngazi.

"Wajapani wanafungia nini hii?" Mektilda aliuliza.

"Mbwa," Luhaga alijibu.

"Mbwa wa ukubwa gani huyo?"

Jirani yao, Danford, alikuwa dereva wa lori la pamba. Aliusikia mjadala, akaja huku anacheka.

"Hiyo ni minyororo ya matairi," alisema. "Kwao kuna theluji. Ni barafu laini inayoanguka kutoka juu na kufunika barabara. Gari linateleza kama mtu aliyekanyaga mlenda. Wanayavalisha matairi minyororo ili yang'ate."

"Sisi hatuna theluji, Danford."

"Mna mbuga. Mvua ikishalowesha ule udongo mweusi wa bondeni, mtaitamani hiyo theluji. Itunzeni. Msije mkafunga kamba, itakatika. Mnyororo wa jembe nao utalichana tairi. Hii imepimwa kwa tairi hili hili. Njia ikiharibika, ifungeni kwenye magurudumu yanayovuta."

Akapanda lori lake, akaenda Mwanza. Hakuna aliyemwuliza swali. Usukumani nani asiyejua maana ya kuvuta?

Mvua ilipokolea, Machibya alifika kwa baiskeli, miguu imejaa tope hadi magotini. Alikuwa mtoto wa Salu, mdogo wake mama yake Luhaga.

"Mama yuko hospitali, kule Somanda, Bariadi," alisema. "Hali si nzuri. Anamwita dada yake."

Mama yake Luhaga, Bi Shida, alikuwa hajaonana na Salu tangu walipogombana kwenye msiba wa baba yao. Ugomvi ulihusu nani alale karibu na mlango. Ulikuwa mdogo, lakini ulitunzwa vizuri, ukakua. Bi Shida aliingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake kizuri.

"Twende," alisema. "Nataka nimwombe radhi akiwa bado ananisikia."

Luhaga alitoa minyororo. Aliitandaza, akaivalisha magurudumu mawili ya mbele, akaikaza vizuri.

"Baba Precious," Mektilda alisema, "una hakika ni mbele?"

"Danford alisema yanayovuta. Umewahi kuona ng'ombe anavuta jembe akiwa nyuma yake?"

Mektilda hakuwahi. Majirani waliokuwa wakitazama nao hawakuwahi. Jambo likapita bila kupingwa, kama mambo mengi mabaya yanavyopita.

Waliondoka mchana. Bondeni, katikati ya udongo mweusi, magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bure. Yale ya mbele yalitulia na minyororo yao kama bibi harusi na shanga zake. Luhaga alikanyaga mafuta. Nyuma pakachimbika. Akakanyaga kwa hasira. Pikapu ikateleza upande, ikakaa kwenye tope hadi ekseli.

Walichimba kwa mikono. Walikata matawi. Machibya alisukuma mpaka rangi yake haikuonekana tena kwa tope. Jua lilizama wakiwa pale pale.

"Mayu, nikubebe mgongoni?" Luhaga alimwuliza mama yake.

"Mpaka Bariadi?" Bi Shida alisema. "Chimba, mwanangu."

Luhaga angefurahi zaidi kama angemtukana.

Asubuhi lori la Danford lilitokea upande wa pili, likasimama kwenye ardhi ngumu. Danford alishuka, akatembea kwenye tope hadi kwenye pikapu. Alitazama magurudumu ya mbele. Hakucheka.

"Nani amekwambia mbele?"

"Wewe. Ulisema yanayovuta."

Danford alipangusa tope kwenye mnyororo.

"Ni kweli nilisema," alijibu taratibu. "Sisi madereva tunasema hivyo. Lakini gari lako halivuti, ndugu yangu. Linasukuma. Njoo uone."

Waliinama wote wawili.

"Unaona chuma hiki kirefu? Kinatoka mbele kwenye injini, kinakwenda nyuma, kinaingia kwenye kitu hiki cha mviringo. Hii ni difu. Injini inazungusha magurudumu ya nyuma tu. Ya mbele yanafuata usukani. Yapo magari mengine yanayozungushwa mbele, na mengine pande zote. Usikisie. Chungulia, au muulize fundi."

Waliinua gari kwa jeki iliyowekwa juu ya ubao, wakahamishia minyororo nyuma. Danford alimwonyesha namna ya kuikaza, ili isipigepige bodi wala bomba la breki.

"Ukisogea kidogo, simama uikaze tena, maana hulegea. Nenda mwendo wa baiskeli. Usikanyage mafuta kwa hasira, tope halina aibu. Ukifika kwenye barabara ngumu, ivue. Ukiiacha, itakula tairi."

Luhaga alikanyaga mafuta taratibu. Minyororo ikang'ata. Pikapu ikapanda kutoka shimoni kama mtu anayeinuka kitini. Ilikuwa kazi rahisi kabisa. Ndiyo maana Luhaga alilia.

Walipofika Somanda, wodini palikuwa na kitanda kimetandikwa upya. Muuguzi aliwaambia kwamba Salu alifariki alfajiri.

"Aliuliza kama dada yake amefika," muuguzi alisema. "Nikamwambia yuko njiani."

"Nilikuwa njiani," Bi Shida alisema. "Hukumdanganya."

Baada ya msiba, Danford hakutaja tena magurudumu yanayovuta. Aliwakusanya wenye magari wa Sola, akawalaza chali chini ya pikapu mmoja mmoja, hata Bundala mwenye tumbo kubwa. Kila mtu alitakiwa aguse chuma kirefu na difu, kisha aseme: "Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayozungushwa na injini." Bundala alikwama kule chini. Walimvuta kwa miguu, na somo likaendelea.

Masika yaliyofuata, mke wa Bundala, Gloria, alishikwa na uchungu wa uzazi siku ya mvua kubwa. Luhaga alichungulia chini ya gari, ingawa alikuwa anajua. Akafunga minyororo nyuma. Alisogea kidogo, akasimama, akaikaza tena. Walivuka bonde mwendo wa baiskeli, wakafika hospitali mapema, na mtoto akazaliwa salama.

Aliporudi, alimkuta mama yake uani anabangua karanga.

"Mlifika?" Bi Shida aliuliza.

"Tulifika, mayu. Mama na mtoto wazima."

"Kwenye bonde lile lile?"

"Lile lile."

"Kumbe linapitika," Bi Shida alisema. Akasogeza ungo pembeni, akampisha mwanawe akae.